Hesabu ya Pumzi ya Mahututi

Aletwapo hospitali, hapa Babati, mgonjwa wa nimonia ahemaye mara 40 kwa dakika, mbavu zikibonyea kwa kila pumzi, mwenye kumpokea humvisha kidoleni kipimo cha oksijeni ya damu, akasoma asilimia 90. Nami sina shaka kwamba namba hiyo, isipoandikwa pamoja na kiasi cha oksijeni anachovuta mgonjwa, haijatupa habari kamili.

Maradhi tunayoyahofia ni yale ambayo mapafu yote mawili hufura kwa ghafla, vifuko vyake vya hewa vikajaa majimaji, hata oksijeni ikakosa njia ya kuingia damuni. Daktari Ashbaugh na wenziwe waliyabainisha mwaka 1967 kwa wagonjwa 12, na mwaka 2012 ukatolewa ufafanuzi uitwao wa Berlin, wenye kutaka dalili zianze ndani ya wiki moja, picha ya kifua ionyeshe weupe pande zote mbili, moyo usiwe ndio sababu pekee, damu ya ateri ipimwe, na mgonjwa awe anasukumiwa hewa kwa mashine.

Lakini mashine ikikosekana, je, maradhi nayo hayapo? Huko Kigali, Elisabeth Riviello na wenziwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliwachunguza wagonjwa 1,046 kwa kipimo cha kidoleni, na waliopungukiwa oksijeni kwa ultrasaundi ya mapafu au picha ya kifua, wakawakuta 42 wenye maradhi haya, ambao nusu yao walifariki, ilhali kwa sharti la Berlin asingalihesabiwa hata mmoja. Ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2023 umeikubali njia hiyo, na kwangu hiyo ni insafu iliyochelewa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, maadamu kipimo hakijazidi 97, nayo ni kukigawa kwa sehemu ya oksijeni anayovuta mgonjwa (asilimia 21 ikiwa 0.21): 90 kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, hutoa takriban 429, ilhali 90 ileile kwa oksijeni ya asilimia 40 hutoa 225, nayo imeshuka chini ya 315, mpaka uliowekwa na ufafanuzi huo wa 2023. Mji wetu umepanda zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hewa yake ni hafifu kuliko ya Tanga, basi mwinuko nao hauna budi kutiwa hesabuni. Kisha ultrasaundi hutafuta mistari myeupe ishukayo kama miale katika mapafu yote mawili, na kifaa kikageuziwa moyo, kwani moyo uliolemewa nao hujaza mapafu maji.

Baada ya saa sita oksijeni imepandishwa hadi asilimia 60, kidole kingali 90, na jamaa walioko mlangoni wanaambiwa hali haijabadilika. Kumbe hesabu imeanguka hadi 150.