Mshipa au Neva? Istilahi za Neva za Mkono

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa maandishi ya tiba, neno mshipa lina nafasi ya pekee. Katika matumizi ya kila siku hutaja njia ya damu, uzi wa fahamu, na hata ugonjwa wa kinena. Mzungumzaji haoni taabu, kwani muktadha humsaidia. Lakini katika maelekezo ya sindano, “dawa idungwe mshipani” na “mshipa usiguswe” zikifuatana katika ukurasa mmoja, muuguzi atakuwa mashakani, na atakayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo tunapendekeza mshipa ubaki kwa njia za damu, na neva itumike kwa nyuzi zipelekazo habari baina ya ubongo na uti wa mgongo kwa upande mmoja, na viungo kwa upande mwingine.

Mkono ni mfano mzuri. Neva zake hutoka katika uti wa mgongo: ya 5 hadi ya 8 za shingo, na ya 1 ya kifua. Hapa mfasiri aangalie: pingili za shingo ni 7, bali jozi za neva zake ni 8; basi “neva ya 8 ya shingo” si kosa la mpiga chapa. Neva hizo huungana na kuachana tena baina ya shingo na kwapa. Jina la Kilatini la mkusanyiko huo lina maana ya kusukwa. Nasi twaona neno msuko, wanalolijua wasusi wote, latosha: msuko wa neva za mkono.

Katika msuko huo hutoka neva kuu 5. Neva ya kwapa huutia nguvu msuli wa bega uinuao mkono. Neva ya misuli na ngozi husaidia kukunja kiwiko. Neva radiali huzunguka nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, nayo hunyoosha kiwiko, kifundo na vidole. Mfupa huo ukivunjika, neva yaweza kuumia na kiganja kikaning’inia. Neva mediani hupita katika mfereji mwembamba wa kifundo; ikibanwa hapo, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete huweza kufa ganzi. Neva ulna hupita nyuma ya kiwiko kwa upande wa ndani, karibu na ngozi. Ndiyo maana mtu akijigonga hapo husikia kama umeme hadi kidole cha mwisho.

Tumetafsiri pale ambapo Kiswahili kina neno wazi, kama kwapa. Tumetohoa pale ambapo mwanafunzi atalikuta jina lile lile katika vitabu vya kigeni.

Limebaki neno kiwiko. Kamusi za zamani zililitumia kwa kiungo kilicho kati ya kigasha na kiganja. Wasemaji wengi leo hulitumia kwa kisugudi. Mwalimu asemaye “neva iliyobanwa kiwikoni” bila kufafanua, mwanafunzi mmoja atafikiri ulna, mwingine mediani. Sisi tumetumia kiwiko kwa kisugudi, na kifundo cha mkono kwa kile kingine. Wasomaji wenye hoja tofauti tunawaomba watuandikie, kwani istilahi haisimami kwa amri, bali kwa kutumiwa.