Posa iliyokwamishwa na kikohozi

Jioni moja nyumbani kwetu Issuna, mkoani Singida, tukiwa tunapepeta alizeti, binti yangu alifungulia kwenye simu muziki wa piano peke yake, bila mwimbaji. Mama yangu alisikiliza kidogo, akauliza: "Mjukuu wangu, huyo anamuaga nani?"

Bibi hakukosea. Ule ni walsi, muziki wa dansi unaohesabiwa moja-mbili-tatu, na wengi huuita "Kwaheri". Mtunzi wake ni Frédéric Chopin, Mpolandi aliyeishi Paris.

Septemba 1835, akiwa na miaka 25, Chopin alikutana mjini Dresden, Ujerumani, na Maria Wodzińska wa miaka 16. Familia zao zilijuana. Kaka zake Maria waliwahi kukaa kwa wazazi wa Chopin wakiwa wanafunzi. Alipoondoka, alimwachia Maria walsi hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe.

Mwaka 1836 alirudi kuposa, na Maria akakubali. Mama wa binti akaomba jambo hilo libaki siri kwanza, akamhimiza kijana atunze afya yake, maana kifua kilimsumbua. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hapa kikohozi chenyewe ndicho kilichowatia wakwe hofu. Barua zikapoa, na mwaka 1837 uchumba ukafa kimyakimya.

Chopin alizifunga barua za Maria pamoja, na juu yake akaandika kwa Kipolandi maneno mawili: "Huzuni yangu." Alifariki Paris tarehe 17 Oktoba 1849, akiwa na miaka 39. Walsi ilichapishwa mwaka 1855, kwa ridhaa ya familia yake. Lakini tusimfanye malaika: miaka ya baadaye aliwapa wanawake wengine wawili nakala za walsi hiyo hiyo!

Kwetu pia wazee huchunguza ukoo na maradhi kabla ya kupokea posa. Si kosa, mzazi anayehofia mwanawe asilaumiwe. Kosa ni kumwacha mtoto wa watu akisubiri jibu ambalo mmeshaliamua. Kama ni hapana, mwambieni mapema, kwa heshima, na binti naye asikilizwe.

Nilipomaliza kumsimulia, mama alitikisa ungo, akasema: "Si wangemwambia tu." Kisha akamgeukia mjukuu wake: "Hebu rudia, nisikie tena."