Wanafunzi Watafiti wa Historia

National History Day ni shindano la utafiti wa historia kwa wanafunzi wa Marekani, lililoanza mwaka 1974 mjini Cleveland chini ya profesa David Van Tassel. Kila mwaka hutangazwa mada kuu moja. Mwanafunzi huchagua kisa chake, mara nyingi cha huko huko kwao, kisha kwa miezi kadhaa hupekua magazeti makuukuu, barua na majalada ya mahakama, na kuwahoji wazee.

Kazi huwasilishwa kama makala, maonyesho, filamu, igizo au tovuti. Bango la maonyesho halipaswi kuzidi maneno 500 ya mwanafunzi mwenyewe, sharti gumu kuliko linavyosikika, maana humlazimu kutupa mengi aliyoyatolea jasho. Katika ngazi za chini watazamaji ni wazazi, walimu na majirani. Waamuzi huuliza: umejuaje hili, na shahidi wako aliegemea upande gani? Fainali hufanyika Juni, Chuo Kikuu cha Maryland.

Mwaka 2004 wasichana watatu wa sekondari moja ya Illinois, wakiongozwa na mwalimu wao, walitengeneza filamu ya shindano hili kuhusu mauaji ya wanaharakati James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliouawa Mississippi mwaka 1964. Walifika hata kumhoji mtuhumiwa mkuu, Edgar Ray Killen. Kazi yao ilichangia kufufua kesi, na mwaka 2005 Killen alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 60.