Uzazi Bila Malipo Unahitaji Mkunga Anayelipwa

Sisi wa Lubunga, mjini Kisangani, tunakaa ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Kliniki za Chuo Kikuu cha Kisangani ziko ng'ambo. Uchungu mgumu ukimshika mama usiku, ndugu hushika tochi, huenda kumwamsha mpiga kasia, kisha hutafuta pesa.

Ndiyo maana naunga mkono mpango wa uzazi bila malipo, ulioanzia Kinshasa Septemba 2023. Mama asizuiliwe wodini na kichanga chake kwa sababu ya deni.

Lakini wauguzi wengi nchini hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa ada za wagonjwa. Ukifuta ada, uwalipe wao. Serikali iwasajili, iwalipe kila mwezi, na ituletee wakunga, damu na dawa hapa hapa Lubunga.