Je, Wajua? Tezi Dume Inayouma na Inayonyamaza

Tezi dume hukaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete. Ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, lakini magonjwa yake mawili, prostatitisi (tezi kuvimba na kuuma) na saratani, huchanganywa kila siku.

Je, wajua kwamba maumivu makali mara nyingi si ya saratani? Homa ya ghafla, kutetemeka, mkojo unaochoma na maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa ni dalili za prostatitisi ya bakteria. Usingoje kesho kwenda hospitali. Vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu.

Kwamba saratani huanza kimya? Mara nyingi huota pembezoni mwa tezi, mbali na mrija, hivyo mkojo hutoka kama kawaida. Mgongo au nyonga huweza kuuma baadaye, ikishafika mifupani. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Kwamba umri nao husema kitu? Prostatitisi huwapata sana walio chini ya miaka 50. Saratani ni nadra kabla ya 40. Hatari hupanda baada ya 50, zaidi kwa wanaume weusi na waliowahi kuwa na baba au kaka mwenye saratani hii.

Kwamba kiganja chako kinaweza kukufundisha anachohisi daktari akiipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa? Legeza mkono, bonyeza nyama iliyo kwenye shina la kidole gumba: ulaini huo ni wa tezi yenye maambukizi. Kandamiza kidole gumba kwenye kidole cha mwisho, nyama ikaze kama mpira: ndiyo tezi yenye afya. Sasa gusa kifundo cha kidole. Ugumu huo ndio unaomtia daktari shaka ya saratani. Tena mwenye prostatitisi akiguswa hushtuka kwa maumivu; kinundu cha saratani kwa kawaida hakiumi.

Kwamba PSA si kipimo cha saratani peke yake? Ni protini ya tezi inayoyeyusha shahawa. Mpaka uliozoeleka ni nanogramu 4 kwa mililita ya damu, lakini prostatitisi huweza kuipandisha hadi makumi. Ndiyo maana maambukizi hutibiwa kwanza, kipimo kikarudiwa wiki 6 hadi 8 baadaye. Dawa ya finasteride nayo huishusha kwa takriban nusu. Usipomwambia daktari kuwa unaitumia, namba itawadanganya wote wawili.

Kwamba mwaka 1853 John Adams, daktari wa upasuaji wa London, aliiita saratani hii ugonjwa adimu sana? Leo ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanaume duniani.

Kwamba mwamuzi wa mwisho ni sindano? Huchukua vipande vya tezi vikaangaliwe kwa hadubini. Na magonjwa haya mawili huweza kukaa katika tezi moja: aliyepona maumivu bado ana deni la kurudia PSA.