Safari ya mapumziko ziwani na homa ya wiki ya pili

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, na tena kuelekea Krismasi, magari ya familia huanza kumiminika Kisumu kutoka Nairobi na Nakuru. Wengine wanarudi kwao kuwaona wazee. Wengine hawana jamaa huku. Wamechoshwa na kelele za mji na wanataka kuliona ziwa, kula samaki na kulala bila kuamshwa na honi za matatu. Sisi madaktari wa Kisumu huwaona wageni hawa kwa nadra. Wanaowaona ni wenzetu wa Nairobi, siku kumi au kumi na tano baadaye, wakati likizo imekwisha na homa imeanza.

Makala ya leo yanahusu safari hiyo na homa hiyo. Msomaji asidhani kwamba namkataza kusafiri. Wapo wagonjwa wangu wa shinikizo la damu ambao nimewahimiza wafunge ofisi kwa siku nne waende wakatembee. Mtu anayeshinda na mashaka ya kazi kutwa kucha, mwili wake hutoa homoni zinazoufanya moyo upige mbio na mishipa ya damu ikaze. Akipata siku kadhaa za utulivu, akatembea kwa miguu na kulala usingizi wa kutosha, homoni hizo hupungua. Hakuna tembe inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Huko Ulaya safari ya namna hii ni desturi ya miaka mingi. Watu huingia garini wakafuata mto, Rhine nchini Ujerumani au Loire nchini Ufaransa, wakipita kando ya mashamba ya mizabibu na kusimama hapa na pale kuonja mvinyo. Kwetu ziwani hakuna mizabibu. Bonde la mto Nyando lina miwa, na uwanda wa Kano una mpunga. Lakini raha ni ile ile: barabara, maji, vilima, chakula kizuri na kutokuwa na haraka.

Njia ninayoipenda mimi huanzia Kisumu, ikapitia Ahero, ikashika upande wa Katito na kuvuka mto Sondu hadi Kendu Bay. Karibu na hapo kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo ndani ya shimo la volkano, ambalo wazee husimulia kuwa lilikizamisha kijiji kizima kwa sababu watu wake walimnyima bibi kizee makaribisho. Kutoka Kendu Bay unaelekea Homa Bay, kisha Mbita na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Wakati wa kurudi, gari hupandishwa kivuko Mbita na kuteremshwa Luanda K'Otieno, na kabla ya kuingia Kisumu unalipita jabali la Kit Mikayi. Siku tatu zinatosha. Anayejaribu kuimaliza njia hii kwa siku moja hapumziki, anashindana na saa.

Mwenye siku ya nne aingie mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe. Zamani jina la Lambwe lilitisha kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini aligunduliwa mwaka wa 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Hofu hiyo na iwekwe kando.

Nianze na dereva, maana yeye ndiye anayebeba roho za wengine. Anayetoka Nairobi amekwisha kuendesha gari kama kilomita 350 kabla ya kuliona ziwa, na usiku wa kwanza ni wa kulala, si wa kuzunguka. Siku zinazofuata, saa yake ya hatari ni kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana. Wakati huo mwili wa binadamu husinzia wenyewe hata kama hakula kitu, sembuse aliyemaliza ngege mzima na ugali. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dawa yake ni kuegesha gari mahali salama na kulala dakika 20.

Na pombe? Chupa ya bia ya nusu lita huchukua ini saa mbili hadi tatu kuimaliza, na chupa mbili huchukua mara mbili ya muda huo. Kahawa nyeusi au maji baridi havifupishi hata dakika moja. Watu wanaokunywa kidogo kidogo kila kituo hujidanganya kwa sababu hawaoni wamelewa, kumbe kila kituo kinaongezea juu ya kilichotangulia. Dereva anywe jioni, gari likiwa limeegeshwa hadi kesho. Chang'aa ya kificho asiionje kabisa, awe dereva au abiria, kwa kuwa aina ya spiriti inayotiwa humo wakati mwingine hupofusha macho na huua.

Kuna neno pia kwa wenye maradhi ya kudumu. Wapo watu wazima wanaoacha tembe zao za presha wakiwa safarini kwa kuogopa kwenda haja ndogo kila mara. Tafadhali msifanye hivyo. Mwombeni dereva asimame. Kusimama kila baada ya saa mbili na kutembea kidogo kunasaidia pia damu isigande miguuni. Mgonjwa wa kisukari asiache insulini ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto huiharibu.

Sasa tuje kwenye malaria. Nairobi iko juu sana, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Kisumu iko kwenye mita 1,100 na kitu. Tofauti hiyo si ndogo. Kijidudu cha malaria hukomaa ndani ya mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, na baridi humchelewesha mno hata mbu akafa kabla yake. Kwenye joto la ziwani hukomaa upesi. Ndiyo sababu uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulikuta karibu watoto 19 kati ya kila 100 wa eneo la ziwa wakiwa na vijidudu vya malaria damuni, ilhali kwa nchi nzima walikuwa kama sita kati ya 100.

Mtu mzima anayeishi huku ameumwa na mbu hao mara nyingi tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana. Aghalabu malaria kwake ni kuumwa kichwa na uchovu wa siku mbili tatu. Lakini kinga hiyo haidumu. Hulishwa na maambukizo ya mara kwa mara, na mtu akihamia Nairobi huanza kufifia, hata baada ya miaka michache akawa hana tofauti kubwa na mgeni. Watoto wake waliozaliwa Nairobi hawajawahi kuwa nayo.

Hapa ndipo penye kosa linalowagharimu watu. Mtalii kutoka ng'ambo huja na dawa mkobani. Mtoto wa nyumbani huja mikono mitupu, kwa sababu "mimi nimezaliwa huku". Mwanamume mmoja wa makamo aliyeishi Nairobi zaidi ya miaka 20 alinieleza yaliyompata baada ya likizo kama hiyo. Siku ya kumi na moja alianza kutetemeka. Zahanati ya kwanza ilimtibu mafua, ya pili ikamwambia ana homa ya matumbo. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi, naye hakusema. Siku ya tano ya homa macho yake yalikuwa manjano na alikuwa hawatambui watoto wake. Alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa wiki nzima. Alipona, lakini si wote waliochelewa namna hiyo hupona.

Dawa za kuzuia malaria zipo, na daktari wako atakuchagulia inayokufaa. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi, lakini haifai wajawazito wala watoto wa chini ya miaka minane. Malarone nayo ni ya kila siku, ila huishia siku saba baada ya kurudi. Bei yake ni ya juu zaidi. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki na huanzwa mapema, wiki mbili au tatu kabla ya safari. Asiitumie mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Wengi huacha tembe siku wanayofika nyumbani, nao huwa wamefanya kazi bure, kwani vijidudu bado vinatoka mmoja mmoja ini likivitema damuni.

Chandarua chenye dawa kichukuliwe hata kama hoteli ina chake, maana nimeona vyandarua vya hoteli vyenye matundu ya kupitisha kuku. Mbu wa malaria huuma tangu machweo hadi alfajiri. Ile saa tamu ya jioni pale Dunga, jua likizama na samaki akiwa mezani, ndiyo saa yake ya kuanza kazi. Vaa suruali ndefu na soksi, na ujipake mafuta ya kufukuza mbu.

Mja mzito anayeishi Nairobi, hasa mwenye mimba ya kwanza, ningemshauri aiahirishe safari mpaka ajifungue, kwani vijidudu hujificha katika kondo la nyuma na kumdhuru mtoto. Familia yenye mtoto wa selimundu isisafiri kabla ya kumwona daktari. Watu huchanganya mambo hapa: aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria humwangusha vibaya. Ipo pia chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa huku Homa Bay mwezi wa Septemba 2019. Hiyo ni ya watoto wachanga wa maeneo yenye malaria nyingi, hupewa kwa awamu kadhaa kuanzia umri wa miezi sita. Haimfai mgeni wa siku nne.

Homa yoyote inayokushika kuanzia siku ya saba hadi miezi mitatu baada ya kurudi ichukuliwe kuwa malaria mpaka damu ipimwe. Sentensi ya kwanza ya kumwambia daktari iwe: "Nilikuwa Ziwa Victoria tarehe fulani." Damu ipimwe siku hiyo hiyo, kwa hadubini au kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Kisipoonyesha kitu na homa ikiendelea, ipimwe tena kesho yake. Dawa ya AL inayotumika nchini humezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa ili iingie vizuri mwilini. Usiiache siku ya pili kwa kuwa umepata nafuu. Na ukiona kutapika kila kitu, kupumua kwa kasi, mkojo mweusi, kuchanganyikiwa au kifafa, usingoje asubuhi.

Lililobaki ni maji yenyewe. Ziwa linavutia, hasa kwa watoto, na wazazi wengi huogopa viboko na mamba tu. Ni kweli viboko wapo na ni wakali. Lakini kiumbe mdogo kuliko wote ndiye anayewapata watu wengi zaidi, nacho ni kichocho. Katika maji matulivu ya ufuoni, penye majani na magugu maji, huishi konokono wadogo wanaotoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho. Viluwiluwi hivyo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, kwa muda wa dakika chache. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto hutaka kuogelea. Hata anayekunja suruali na kukanyaga maji hadi magotini ili apande mashua amekwisha kujihatarisha. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Minyoo ya kichocho cha huku ziwani hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo na kutaga mayai. Kwa miaka mingi mayai hayo hulikakamaza ini, mpaka siku mtu anatapika damu. Dalili za mwanzo huweza kuwa mwasho wa ngozi, kisha baada ya wiki nne hadi nane homa, kikohozi na vipele, au zisiwepo kabisa. Maji ya kuoga hotelini yakitoka ziwani bila kutibiwa, yachemshwe, au yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, maana viluwiluwi havidumu muda huo.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni nzuri na hutolewa kwa uzito wa mgonjwa. Ila huua minyoo iliyokomaa tu, si michanga, kwa hiyo kuimeza siku ya kurudi nyumbani hakusaidii, na choo kikipimwa wiki hiyo hakitaonyesha kitu. Aliyeingia ziwani sikukuu ya Krismasi aende kupimwa mwishoni mwa Februari au mwezi wa Machi, pamoja na watoto wote waliokuwa naye majini.