Ajali mu mine: karatasi za siku za kwanza njo zinalinda haki

Mutumikaji akiumia mu mine, jamaa inakimbia kwanza ku hospitali. Ni vizuri, maisha iko mbele ya yote. Lakini kisha siku tatu ao ine, mara nyingi mutu wa biro anafika pembeni ya kitanda na anvelope na karatasi moja. « Baba, sinye hapa, tunakusaidia na makuta kidogo ya dawa. » Mugonjwa iko na maumivu, bibi yake iko na deni ya chakula, basi anasinye. Hakusoma kama karatasi ile inasema: sitaomba tena kitu chochote.

Sisi watu wa sindika tunafuata dosie za ajali tangu miaka, na tumeona hivi: dosie nyingi hazikufe mbele ya juji. Zinakufa zamani, mu siku za kwanza, sababu karatasi haikuandikwa ao iliandikwa vibaya. Kwa hiyo tunaeleza hapa njia ya haki, hatua kwa hatua.

CNSS: hapa hauombwi kuonyesha kosa la patron

Njia ya kwanza haiko tribinali. Ni CNSS, ile wazee wetu waliita INSS mbele ya sheria ya 15 juillet 2016 kuibadilisha. Kila mwezi patron analipa 1,5 % ya mushahara kwa ajili ya hatari za kazi. Anailipa yeye peke yake. Ile 5 % munaona inakatwa ku fiche de paie ni ya pansio.

Maana yake ni kubwa. Ajali ikitokea kazini ao kwa sababu ya kazi, hauna lazima ya kuonyesha nani alikosa. Hata kama ni wewe uliteleza, ni ajali ya kazi. Ajali ya njiani vilevile, wakati unatoka nyumbani kwenda kazini ao unarudia. Haki zenyewe ni matunzo ya munganga, malipo ya siku unakaa bila kutumika, na kama kilema kinabaki, rente ao feza ya mara moja, kufuatana na asilimia ya kilema. Mutu akikufa, mujane na yatima wako na haki ya rente, na kuna feza ya maziko.

Lakini yote inaanzia ku karatasi moja: « déclaration d'accident de travail ». Patron njo anapashwa kuipeleka. Ombeni kopi. Akinyamaza, mugonjwa mwenyewe ao jamaa yake waende ku CNSS na ku Inspection du Travail bila kukawia.

Tulikuwa na ndugu mumoja wa sous-traitance, mashini ilimukata vidole vitatu usiku. Mu raporo ya kampani waliandika paka « malade ». Kama tungenyamaza, hangepata kitu. Tulitafuta buku la dispanseri ya kazini: saa aliingia iliandikwa, kidonda vilevile. Wenzake wawili wakakubali kushuhudia mbele ya enspekteri. Buku lile njo lilibadilisha neno « malade » kuwa « accident de travail ».

Basi tangu siku ya kwanza mukusanye hizi:

– kopi ya déclaration;
– certificat médical ya siku ya kwanza, yenye kutaja kila kidonda;
– majina na telefone za wale walioona;
– kontra, fiche de paie, badge na namba ya CNSS;
– kwa mwisho, certificat ya consolidation. Hapo munganga anasema kama kidonda kimefika mwisho wake, na kilema ni asilimia ngapi.

Musisinye mapatano yoyote mbele ya asilimia ile kujulikana. Mugongo inaweza kuonekana imepona leo, na mwaka kesho inakatala kubeba.

Enspekteri mbele, juji kisha

Code du travail ya 16 octobre 2002 inasema: wakati kontra imesimamishwa kwa ugonjwa ao ajali, mutumikaji iko na haki ya theluthi mbili za mushahara. Patron akikatala, hauwezi kuruka moja kwa moja mbele ya Tribunal du travail. Kifungu 298 kinaomba kwanza conciliation mbele ya enspekteri wa kazi. Mukipatana, wanaandika. Musipopatana, « procès-verbal de non-conciliation » njo ufunguo wa mulango wa tribinali.

Angalieni muda. Kufuatana na kifungu 317, mashitaki yanayotoka ku kontra ya kazi yanakufa kisha miaka 3. Ya mushahara yanakufa kisha mwaka 1.

Kama aliyekosa ni mutu mwingine

Kamio ya kampani ingine ikikugonga ku barabara ya Likasi ukienda kazini, CNSS inabaki. Lakini unaweza pia kumushitaki mwenye kamio. Kifungu 258 cha Code civil, Livre III, kinasema: aliyeleta hasara kwa kosa lake anapashwa kuilipa. Hapa njo lazima kuonyesha mambo matatu: kosa, hasara, na namna kosa lile lilileta hasara. Kama parquet inafungua dosie ya kuumiza ao kuua bila kukusudia, jamaa inaweza kuingia mu kesi kama « partie civile ». Tena muulize assurance ya gari, ni lazima kwa sheria tangu 1973.

Ndugu zetu creuseurs wako na shida zaidi. Tarehe 27 juin 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka na kuua zaidi ya 40. Creuseur hana patron, hana fiche de paie. Mara nyingi anabakia paka na njia hii ya kifungu 258. Kwa hiyo kooperative iandike kila siku majina ya wale wanashuka mu shimo. Bila majina, mujane hawezi hata kuonyesha kama bwana yake alikufia pale.

Avoka, na karatasi za nyumbani

Asiye na feza aende ku barreau, aulize « Bureau de consultations gratuites ». Mbele ya Tribunal du travail, sindika yako pia inaweza kukusimamia. Ukilipa avoka, mapatano ya feza yaandikwe, na asilimia yake ijulikane tangu mwanzo.

Neno la mwisho ni kwa wababa. Wengi walitoa mahari, lakini ndoa haikuandikwa ku commune. Siku ya msiba, mama anafika ku giche na picha ya arusi. Wanamwomba « acte de mariage » na « acte de naissance » za watoto. Wakati anazunguka kutafuta, wandugu wa marehemu wanaanza kugombania feza. Muende ku commune wakati muko wazima.

Na asiyejua kusoma kifaransa, alete karatasi kwa delege wake mbele ya kusinye, hata kama anvelope iko wazi mbele ya macho yake.